Kilo na Sekunde: Mwongozo Kamili wa Uzito wa Gari Kwenye Mbio za Dragi

Wamarekani wana kanuni yao ya gereji: punguza pauni 100 kwenye gari, yaani kilo 45, nawe utaokoa sehemu ya kumi ya sekunde kwenye robo maili, ule umbali ulionyooka wa mbio za dragi. Kanuni hiyo haiko mbali na ukweli, ila haisemi mambo mawili. Kwanza, gari la kawaida la barabarani hupata zaidi ya hapo, na gari lenye kasi sana hupata pungufu. Pili, kilo iliyotoka kwenye boneti si sawa na kilo iliyotoka kwenye buti, na zote mbili si sawa na kilo iliyotoka kwenye rimu. Hapo kwenye jambo la pili ndipo watu hupoteza muda na pesa.

Mfano wetu ni Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, maana iko kila mtaa na mafundi wanaijua. Injini ni 3S-GE ya lita mbili, isiyo na turbo. Katalogi ya Kijapani inaipa 210 PS. PS ni nguvu farasi za kimetriki; zizidishe kwa 0.986 upate hp, nguvu farasi za Kiingereza, na hapa inatoka 207. Gari likiwa na mafuta kiasi na dereva ndani, tulikadirie kilo 1,430. Gari lako likiwa jingine, badilisha namba tu.

Hesabu kabla ya spana

Robo maili ni mita 402. Muda wa kuimaliza unakaribia sana hesabu hii, iliyopatikana kwa kulinganisha matokeo ya magari mengi:

sekunde = 8.19 × kipeuo cha tatu cha (kilo ÷ hp)

Kwenye simu, fungua kikokotoo, ilaze simu kwa upana ili alama za kisayansi zitokee, kisha tafuta kipeuo cha tatu. Ukikikosa, pandisha jibu la mgawanyo kwa kipeo cha 0.333.

Altezza yetu: 1,430 ÷ 207 ni 6.91. Kipeuo chake cha tatu ni 1.905. Zidisha kwa 8.19, unapata sekunde 15.6. Toa kilo 100, hesabu inashuka hadi 15.2. Pakia rafiki watatu wa kilo 70 kila mmoja, inapanda hadi 16.3.

Kipeuo cha tatu ndicho kinachoeleza kwa nini uzito hauleti miujiza. Ukipunguza uzito kwa asilimia 3, muda unapungua kwa asilimia 1 tu. Kwa hiyo kilo 45 kwenye Altezza hii ni kama sekunde 0.16, lakini kwenye gari la sekunde 10 lenye kilo 1,360 ni kama 0.11. Ukitaka kujua thamani ya kilo 100 kwa lugha ya injini, jibu ni takriban hp 15 au 16. Kuzipata hp 15 kwenye injini isiyo na turbo, ambayo tayari imeshakamuliwa na kiwanda, ni gharama inayouma. Kilo 100 za kwanza, kama tutakavyoona, karibu ni za bure.

Kasi ya mwishoni mwa mita 402 nayo ina hesabu yake: km/h = 277 ÷ kile kipeuo cha tatu. Hapa ni 145. Namba hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kasi ya mwisho haidanganywi sana na kuondoka vibaya. Ikiwa gari lako limepita na 139 badala ya 145, igeuze hesabu: 139 ÷ 277, jibu lipandishe kwa kipeo cha 3, kisha zidisha kwa 1,430. Inatoka hp 181. Hapo tatizo si uzito. Angalia plagi, chujio la hewa, mgandamizo wa silinda na mfumo wa kubadilisha taimingi kabla hujang'oa siti hata moja.

Jambo la mwinuko nalo lisikuchanganye. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Altezza ya hp 207 pale Mombasa inabaki na kama 174 Nairobi, na muda wake unakwenda sekunde 16.5. Uwanja wa Bandimere huko Colorado, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa kwenye mwinuko kama huohuo, na Wamarekani wana jedwali maalumu la kurekebisha muda wa viwanja vya namna ile. Usilinganishe muda wa pwani na wa bara halafu ukasema fulani anajua kuondoa uzito kuliko wewe.

Hatua ya 1: Pima gari, usikisie

Nenda kwenye mizani ya kupimia malori, gari likiwa kama litakavyokimbia: dereva ndani, helmeti kichwani, mafuta yaleyale. Uzito wa kwenye kadi ya gari haukusaidii, maana haujui spika ulizofunga wala rimu ulizobadilisha.

Pima mara tatu. Magurudumu ya mbele peke yake, gari zima, kisha ya nyuma peke yake. Mbele na nyuma vikijumlishwa vikaribiane na gari zima. Visipokaribiana, mizani haiko usawa na ardhi inayoizunguka, na namba za ekseli usiziamini. Altezza itakupa takriban asilimia 53 mbele na 47 nyuma. Andika.

Mizani nyingi za malori husoma kwa hatua za kilo 10 au 20. Zinafaa kupima gari, hazifai kupima betri. Kwa kila kitu utakachotoa tumia mizani ya bafuni: simama ukiwa umekibeba, kisha simama peke yako, toa. Daftari lako liwe na safu tatu: kitu, kilo, na kilikokuwa (mbele, katikati, nyuma). Safu ya tatu ndiyo ambayo karibu kila mtu huisahau.

Hatua ya 2: Kilo za bure

Anza na mafuta. Petroli ina kama kilo 0.75 kwa lita. Ukija uwanjani na lita 15 badala ya 55 umeshaacha kilo 30 nyumbani. Usishuke sana chini ya hapo: gari linapoondoka kwa nguvu mafuta hukimbilia nyuma ya tangi, pampu inanyonya hewa, na injini inakohoa gia ya pili. Kwenye injini ya turbo kukohoa huko ni zaidi ya aibu, kwani mchanganyiko ukipungua petroli wakati turbo inasukuma, pistoni inaweza kutoboka.

Kisha spea, jeki na mpini wake: kama kilo 18. Boksi la spika na amplifaya: 20 hadi 30. Siti ya nyuma: 15 hadi 20. Siti ya abiria wa mbele: 15 hadi 20. Ukijumlisha na mafuta umeshafika kilo 100 na zaidi kidogo, na hujanunua kitu. Dumu la maji na viatu vilivyosahaulika chini ya siti hata hatuvihesabu, lakini vitoe, tena kwa sababu nyingine: chupa ya maji iliyo sakafuni huteleza wakati wa kufunga breki na kuishia chini ya pedali.

Siti ya nyuma kwenye magari mengi ya Toyota hutoka hivi: shika ukingo wa mbele wa kikalio karibu na kona, vuta juu kwa nguvu mpaka klipu iachie, rudia kona ya pili. Egemeo hufungwa kwa bolti chini na ndoano juu. Ukishatoa bolti, lisukume juu ndipo litoke. Klipu za plastiki huvunjika zikiwa za baridi na zimezeeka, hivyo fanya kazi hii juani.

Hapa kuna jambo la hatari ambalo linachukuliwa kimzaha. Kwenye Altezza tangi la mafuta liko chini ya siti ya nyuma. Ukishaitoa utaona vifuniko vya bati vinavyofunika pampu. Hakikisha vipo, raba zake nzima, skrubu zote zimekazwa. Na uwazi wa kwenda buti uzibwe kwa bati la alumini lililofungwa na kuzibwa kingo zake. Usipoziba, moshi wa eksozi huingia kwenye buti kupitia raba iliyochoka na kumfikia dereva, naye haunusi mpaka kichwa kimeanza kuuma.

Siti ya mbele imeshikwa na bolti nne, kwa Toyota mara nyingi zinataka soketi ya 14. Kabla ya kugusa, zima gari, toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, kwani waya za njano zilizo chini ya siti ni za mifuko ya hewa na vikaza mkanda. Ukichomoa soketi ya waya hizo umeme ukiwa umewashwa, taa ya mfuko wa hewa itawaka na kubaki ikiwaka. Ukichokoa waya hizo kwa taa ya majaribio, unaweza kuufyatua mfuko wenyewe.

Hatua ya 3: Angalia kilo zimetoka wapi

Sasa rudi kwenye ile safu ya tatu. Mafuta, spea, spika, siti ya nyuma: karibu vyote vilikuwa juu ya ekseli ya nyuma. Na Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma.

Gari likiteleza mwanzoni, uzito wake wote hauna maana tena. Kinachoamua ni sehemu ya uzito iliyokalia matairi yanayosukuma. Fanya hesabu: tairi la kawaida lenye mshiko wa 0.9, kitovu cha uzito nusu mita kutoka ardhini, umbali wa ekseli mita 2.67. Nyuma ikiwa na asilimia 47, gari linaweza kuondoka kwa takriban 0.51 g, yaani kama nusu ya mvutano wa dunia. Ukitoa kilo 100, na 88 kati yake zikawa za nyuma, nyuma inabaki na asilimia 44, na uondokaji unashuka hadi 0.48 g. Umepunguza uzito kwa asilimia 7 lakini mita za kwanza unaondoka polepole kuliko zamani. Baadaye gari likishashika, wepesi unakulipa, kwa hiyo kwa jumla bado una faida, ila ile sekunde 0.37 ambayo hesabu ya mwanzo inaahidi kwa kilo 100 haifiki yote. Halafu mwenye gari analalamika kwamba kupunguza uzito ni porojo.

Dawa zipo kadhaa, na ya kwanza ni ya bure. Punguza upepo wa matairi ya nyuma kutoka psi 32 hadi 27 au 28, pima yakiwa baridi. Ukishuka zaidi kwa tairi la kawaida lenye ubavu mfupi, katikati ya uso wa tairi unaogusa ardhi huinuka na mshiko unapungua badala ya kuongezeka. Dawa ya pili ni kuhamisha betri. Betri ya NS70 ina kama kilo 16. Ikitoka mbele ikakaa buti, hujapunguza hata gramu lakini umeyapa matairi yanayosukuma kazi nzuri zaidi. Upande wa kulia au kushoto uamue kwa mizani: gurudumu la nyuma lililo jepesi ndilo linaloteleza kwanza kama difu si ya kufunga, yaani ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake.

Ukihamisha betri, fanya kazi kamili. Waya wa milimita 50 za mraba, fyuzi kubwa isiyozidi sentimita 30 kutoka kwenye nguzo chanya, raba kila mahali waya unapopita kwenye bati, boksi lililofungwa kwa bolti na lenye bomba la kupitisha gesi nje. Kwa sheria za NHRA, chama kikuu cha mbio hizi Marekani, gari lililohamishiwa betri buti lazima liwe na swichi ya kukata umeme inayofikika kwa nje, nyuma ya gari, na swichi hiyo lazima izime injini inayonguruma, si taa tu.

Tatu, toa uzito mbele. Hapo kila kilo inafanya kazi mbili: gari linakuwa jepesi na asilimia ya nyuma inapanda. Boneti nyepesi, eksozi nyepesi ya mbele, tangi la maji ya wipa likiwa tupu. AC nayo ni ya mbele, kilo 12 hadi 15, lakini kwa joto la Dar es Salaam kwenye gari linalotumika kila siku tunaona hasara ni kubwa kuliko faida.

Kwa gari la kusukuma mbele, kama Vitz RS au Golf GTI, geuza yote haya. Toa nyuma bila huruma, betri iache ilipo, upepo punguza mbele. Kwa Subaru ya kusukuma magurudumu yote, mahali si hoja kubwa sana. Faida kubwa ya wepesi ni kwamba giaboksi inapumua, na kwa Impreza ya gia tano iliyoongezwa nguvu giaboksi ndiyo huvunjika kwanza.

Hatua ya 4: Vitu vinavyozunguka

Kuna msemo kwamba kilo moja kwenye gurudumu ni sawa na kilo kumi kwenye bodi. Si kweli. Kitu kinachozunguka na tairi hakiwezi kuhesabiwa zaidi ya mara mbili, hata kikiwa ukingoni kabisa mwa tairi. Tairi lenyewe ni kama mara 1.8, rimu kama 1.5. Ukibadilisha rimu nne kwa zilizo nyepesi kwa kilo 2 kila moja, umepata kilo 8 kwenye mizani na kama 12 kwenye mwendo. Ni faida, lakini haizidi ile ya spea uliyoiacha nyumbani bure. Kosa la kawaida ni la upande wa pili: rimu za inchi 18 za bei nafuu zilizo nzito kuliko za kiwanda, na tairi pana juu yake.

Flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, ndiyo yenye maajabu, kwa sababu inazungushwa kupitia gia. Tuseme gia ya kwanza na difu kwa pamoja zinazidisha mara 15. Ukitoa kilo 4 zilizokuwa sentimita 10 kutoka katikati ya flaiwili, gia ya kwanza gari linajiona jepesi kwa kama kilo 90. Gia ya tatu, mzidisho ukiwa 6, faida inashuka hadi kilo 15 hivi. Lakini flaiwili nzito pia ni ghala: unapoachia klachi kwa mizunguko 5,000, nguvu iliyohifadhiwa humo ndiyo inayolisukuma gari mita za kwanza. Injini ya lita mbili isiyo na turbo, matairi yanayoshika vizuri na flaiwili nyepesi mno ni mchanganyiko unaolifanya gari lizame mizunguko na kukwama palepale kwenye mstari. Ukiwa na matairi ya kawaida, nyepesi inafaa. Ukiwa na matairi laini ya dragi, iache ya kiwanda. Na usimpe fundi wa mashine apunguze flaiwili ya chuma cha kumimina ili uokoe pesa: ikipasuka inapita sakafuni, na miguu yako iko hapo.

Visivyotolewa

Vyuma vya ndani ya milango. Chuma cha nyuma ya bampa. Mikanda. Diski za breki hazibadilishwi kwa ndogo. Bolti za magurudumu hazipunguzwi, na kuna watu hufanya hivyo. Gari likiwa la barabarani pia, spea, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto na siti za watu vinarudi kabla ya kutoka uwanjani.

Breki zenyewe zitabadilika tabia. Nyuma ikishakuwa nyepesi, magurudumu ya nyuma hufunga mapema unapokanyaga ukiwa na 145, hasa gari lisilo na ABS. Kanyaga gari likiwa limenyooka, na uanze mapema. Springi za nyuma nazo hunyanyuka zikipunguziwa mzigo, kwa hiyo pima upya alaimenti ukishamaliza.

Kuna pia uzito unaoongezwa kwa lazima. NHRA hudai helmeti kuanzia sekunde 13.99 kushuka, na kwa magari mengi nondo ya kukinga kichwa kuanzia 11.49. Gari linalokaribia huko liwekewe hesabu ya nondo tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Thibitisha

Kimbiza gari mara tatu kama lilivyo, toa kilo, kimbiza tatu, kisha rudisha kilo na ukimbize tatu tena. Bila ile raundi ya mwisho hujui kama ni wepesi au ni jioni iliyopoa. Upepo wa tairi uleule, joto la injini lilelile, mizunguko ya kuondokea ileile. Ukiwa hutaki kufungua siti mara mbili, tumia madumu ya lita 20 yaliyojazwa maji hadi mdomoni, kila moja karibu kilo 21, yaliyofungwa kwa mikanda ya ratcheti kwenye ndoano za buti. Dumu lisilojaa linacheza na kuharibu kipimo. Fanya haya uwanjani. Barabarani ni kosa la sheria, na mteremko usiouona kwa macho unaharibu namba zako.

Soma karatasi ya muda kwa sehemu. Futi 60 za kwanza, mita 18, zinakuambia mshiko. Kasi ya mwisho inakuambia nguvu kwa uzito. Kasi ikipanda na muda usiposhuka, kilo zimetoka mahali pabaya. Rudi hatua ya 3. Vyote viwili visipobadilika, pima tena gari kwenye mizani, huenda daftari lako lina matumaini kuliko ukweli.

Kwa madaraja yenye uzito wa chini uliowekwa, gari hupimwa na dereva wake likitoka kukimbia, na likipungua matokeo yanafutwa. Acha nafasi ya mafuta utakayounguza. Ukilazimika kuongeza uzito, tumia bamba la chuma lenye bolti mbili za milimita 12 kwa kila kilo 45 na washa pana upande wa pili wa bati, nyuma ya ekseli kwa gari la kusukuma nyuma. Mfuko wa mchanga kwenye buti ni kombora linalosubiri breki.

Na kama unashindana kwa mtindo wa kutangaza muda wako mwenyewe kabla ya kukimbia, wepesi si hoja, hoja ni kutobadilika. Lita 10 za mafuta zilizotumika kati ya raundi ya kwanza na fainali ni kilo 7.5, na kwa Altezza hii ni sekunde 0.03. Jaza tena mpaka alama ileile kila baada ya raundi mbili.